Mwaka Tuliokatazwa Mtoto

Mwaka wa pili wa ndoa yetu tulikatazwa kupata mtoto. Daktari wa Dar es Salaam alituambia hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa wodi, mkono mmoja kwenye kitasa, kama mtu anayekumbusha wenzake wasisahau kufunga geti. Mwaka mzima, alisema. Mke wangu alikuwa ametoka kumaliza sindano za miezi mitatu. Nywele zilikuwa zimemtoka na vidonda vya mdomoni ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kufunga, hivyo akajibu kwa kutikisa kichwa. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini, na niliuliza mara tatu kwa maneno tofauti, ndivyo nilivyo.

Mke wangu alikuwa amepata mimba isiyokuwa na mtoto. Wauguzi waliiita mimba ya zabibu, kwa sababu kilichokua tumboni kilikuwa ni vijipovu vilivyoshikana kama kichala. Ilitolewa kwenye hospitali ya misheni kwetu Sumbawanga, lakini mizizi yake ikabaki, na ile mizizi ikageuka kansa. Sindano zilikuwa zimeiua, au zilionekana kuiua. Kilichobaki kilikuwa kuichunga. Na kansa hii hujitangaza kwenye mkojo kwa alama ileile ya mimba. Kipimo kinachomwambia mwanamke mwingine kwamba atazaa ndicho kingetuambia sisi kwamba ugonjwa umerudi. Akishika mimba ya kweli, hatutajua tunaona nini.

"Pimeni kila mwezi," daktari alisema. "Kikijibu, rudini upesi. Msingoje wiki mbili. Ugonjwa huu hupenda kupanda mapafuni."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu muda si mrefu na kupangiwa ofisi ya mipango ya mkoa. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye karatasi mambo ambayo yangetokea vijijini baada ya miaka mitano: visima, maghala, madarasa. Mke wangu alifundisha shule ya msingi. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili Izia, pale ambapo mji unaishia na matuta ya mahindi yanaanza. Mimi ni mtu wa Mbeya, yeye ni wa Kaengesa, Mkatoliki wa kubatizwa akiwa mchanga. Mimi nilikulia kanisa jingine, na baba yake alilimeza hilo kwa shida siku ya posa.

Kipimo cha mwezi kilifanywa kwa chura. Katika maabara ya hospitali ya misheni kulikuwa na sanduku la mbao lenye majani mabichi, na ndani yake madume ya chura, wanaojulikana kwa koo jeusi. Mtu wa maabara alimchoma chura sindano yenye mkojo wa mke wangu, akamweka kwenye mtungi wa kioo, akasubiri muda wa saa tatu, kisha akatazama mkojo wa chura kwenye darubini. Kama mkojo una ile alama, dume hutoa mbegu zake. Wenyewe walisema chura amejibu, au chura amenyamaza.

Kwetu alinyamaza miezi saba. Kila mwezi nilikaa kwenye benchi la nje nikihesabu matofali ya ukuta wa wodi ya wazazi, na kila mwezi mtu wa maabara, mzee mpole aliyejua habari yetu yote, alitoka na kusema, "Kimya, ndugu. Nenda kazini." Nilikwenda, na kufika saa sita nilikuwa nimeshaanza kuogopa mwezi unaofuata.

Mama mkwe hakujua. Mke wangu alikuwa amemwambia kwamba anatibiwa tumbo, basi. Alihofu kwamba neno kansa likifika kwao litaitwa kurogwa, na atazungushwa kwa waganga mpaka mwili uishe. Mimi nisingeweza kumweleza. Mkwe hazungumzi na mama mkwe wake habari za tumbo la uzazi. Hata kikohozi chake alitaka nimuulizie kupitia kwa binti yake. Kwa hiyo yule mama, pamoja na wanawake wenzake wa kanisani, walisali kila Ijumaa ili binti yake ashike mimba. Mimi upande wangu nilipiga magoti kando ya kitanda nikiomba asishike. Nilijiuliza sana dua hizi zinakutana wapi, na kama Mungu husikiliza wingi wa watu au ukweli wa habari. Nilimwambia mke wangu wazo hilo akiwa anasahihisha madaftari. Akasema bila kuinua kichwa, "Mungu si afisa mipango. Hahitaji umpelekee takwimu."

Tulijizuia kwa kuhesabu siku. Vidonge tulivyopewa Dar es Salaam alivimeza miezi mitatu, akaviacha. Alisema ameshachoka kupokea Komunyo akiwa na kitu anachomficha padri. Sikubishana naye vya kutosha. Nilikuwa na kijitabu cha mfukoni nilichotia alama siku salama na siku za hatari. Na Jumapili moja mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ikipiga bati, yeye akicheka kitu ambacho sikikumbuki tena, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Dar es Salaam, hatukukitazama kijitabu.

Mwezi wa kumi na moja tulikuta mtu mwingine maabara. Yule mzee alikuwa amekwenda masomoni. Huyu alikuwa kijana mchangamfu kutoka Pito, na hakuna aliyemweleza lolote. Alichokiona ni cheti chenye jina la mwanamke na maneno kipimo cha chura. Saa tatu zilipotimia alitoka akitabasamu.

"Hongera, mwalimu," alimwambia mke wangu. "Chura wangu hasemi uongo. Bwana, anza kutafuta sukari ya uji sasa hivi, maana dukani ikija haikai."

Wanawake wawili waliokaa kwenye benchi wakapiga vigelegele vidogo vya adabu. Mke wangu alisema asante. Nilimtazama. Sura yake ilikuwa imetulia kabisa, kama ya mtu aliyeitwa kwa jina na anasubiri kuambiwa anaitiwa nini.

Daktari wa misheni alikuwa mtawa kutoka ng'ambo, aliyejua Kiswahili cha kutosha kutokuwa na haja ya kuzunguka. Alimpima mke wangu kwa mikono, akasikiliza kifua chake mbele na nyuma kwa muda mrefu mno.

"Inawezekana ni mtoto," alisema. "Inawezekana ni ugonjwa. Mmekutana?"

Mke wangu akatazama chini. Mimi nikasema ndiyo, mara moja, na nikataja tarehe.

"Basi sijui," alisema Sista. "Kuna njia ya kukisia. Mkojo tuuchanganye na maji mara kumi, kisha mara mia. Mtoto mdogo hivi, sauti yake haifiki mbali. Kwa mara mia chura atanyamaza. Ugonjwa una sauti kubwa. Lakini nahitaji chura wengi, nami ninao watatu. Njooni Jumanne."

Ilikuwa Ijumaa.

Katika siku zile nne mke wangu aliamini. Sijui niliandike vipi jambo hili bila kumkosea. Hakusema. Aliacha tu kubeba ndoo. Alipoinuka kitini alitanguliza mkono kiunoni. Jumamosi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, rozari mkononi, midomo haichezi.

"Na kama ni mtoto?" alisema.

"Itakuwa ni mtoto."

"Halafu unipeleke wakamchome sindano."

Nilianza kumweleza habari ya mara kumi na mara mia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyekariri.

"Wewe unataka iwe kansa," alisema, "ili ile Jumapili isiwe kosa."

Nilikataa. Kisha nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikifikiri kama ni kweli. Ilikuwa na ukweli ndani yake. Ikiwa ni ugonjwa, basi ulikuja wenyewe, na mimi sikuhusika. Ikiwa ni mtoto, nilikuwa nimemweka mahali ambapo labda ningelazimika kumwua. Nilizunguka nyumba mara nyingi kiasi kwamba jirani, mke wa karani wa posta, aliniuliza nimepoteza nini.

Jumapili adhuhuri mama mkwe akafika. Yule kijana wa maabara alisali kanisa moja na shangazi wa mke wangu, na furaha aliyokuwa nayo hakuona sababu ya kuificha. Mama alikuja na lifti ya gari la misheni. Alileta debe la unga wa ulezi, maharage, na jogoo aliyefungwa miguu. Mimi nilimpokea mizigo nikiwa nimeinama, kama inavyopasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Sogea, sogea, acha nimwone mwenye nyumba." Na alipomwona binti yake mlangoni aliweka viganja viwili mashavuni pake mwenyewe, akaanza kulia.

Nikajiambia nitamweleza jioni. Jioni nikajiambia ni vizuri kungoja Jumanne, kwa sababu mtu hasemi jambo asilo na hakika nalo. Nilikuwa na sababu nzuri kila saa. Mama alichukua jiko. Alimkataza mke wangu kuinama, kupiga mswaki kwa nguvu, kupita karibu na moshi. Kwangu alitupa utani kupitia ukutani, akijifanya anazungumza na chungu: "Watu wa Mbeya ndizi wanazijua. Uji wa ulezi hawaujui. Mtoto wetu atatoka na mifupa laini kama mkungu." Mke wangu alicheka. Nilikuwa chumba cha pili na nilimsikia akicheka.

Jumanne tulimwambia mama tunakwenda kliniki. Yule kijana wa Pito alikuwa ameshaelezwa. Alikuwa amekamata chura sita kwenye bonde la mto, kwa mikono yake, tangu alfajiri, na suruali yake ilikuwa na matope mpaka magotini.

"Mwalimu, nisamehe," alisema.

"Hukujua," mke wangu alisema.

"Nisamehe hata hivyo."

Akapanga mitungi mezani: mkojo mtupu, mkojo wa mara kumi, mkojo wa mara mia, chura wawili kila mmoja. Sista alituruhusu kukaa ndani. Saa tatu ni muda mrefu kumtazama chura. Hafanyi lolote. Koo linapanda na kushuka. Mke wangu aliweka kiti chake mbele ya mitungi miwili ya mwisho, akainamisha kichwa, na nilijua anawasemesha kimoyomoyo. Mimi nilijaribu kusali, nikashindwa kuchagua sentensi. Kusema 'na iwe mtoto' kulikuwa ni kumwomba Mungu atengue kitu kilichokwisha kuwa. Kusema 'mapenzi yako yatimizwe' kulikuwa ni kutia sahihi karatasi ambayo sijaisoma. Nikaishia kusema 'Bwana, Bwana,' kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye taa na hasikii mtu.

Sista ndiye aliyetazama darubini. Alitazama kipande cha kioo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika cha mara mia alitazama, akainua kichwa, akafuta lenzi kwa pamba, akatazama tena.

"Amejibu," alisema. "Wote wawili."

Mke wangu akauliza, "Sista, una hakika?"

"Mwenye hakika ni Mungu. Mimi nina chura." Hakusema kwa mzaha. Aliketi, akamshika mkono. "Mwanangu, kama ungekuwa mjukuu wa mama yangu ningekuweka kwenye gari leo. Mvua ikikaza barabara ya Tunduma hufungwa hata wiki tatu, na wewe huna wiki tatu. Nitaandika barua. Muiwahi treni ya Ijumaa pale Tunduma."

Lori la kwanza la kwenda Tunduma lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mwislamu mkarimu aliyewabeba watumishi wengi. Lingeondoka Alhamisi asubuhi. Nilikwenda kuomba nafasi, nikaipata, nikapita ofisini kuomba ruhusa, nikaipata. Hayo yote niliyaweza.

Nyumbani mama alikuwa ameshasikia habari ya lori. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Lori?" alimuuliza binti yake, lakini sauti ilinilenga mimi. "Mwenye mimba hapandi lori la Tunduma. Kwa mashimo yale hata jiwe lingetoka. Mwambie mumeo, kama ana shida na Dar es Salaam aende peke yake. Huyu haondoki hapa mpaka mimba ikomae."

Mke wangu akaingia chumbani, nami nikamfuata.

"Mwambie," nilimwambia. "Ni mama yako."

"Mwambie wewe."

"Mimi siwezi. Unajua kwamba siwezi."

Alijilaza akatazama ukuta. "Mimi nikimwambia," alisema, "nitakuwa nimekubali. Mkinibeba nitabebwa. Lakini kutoka kinywani mwangu halitoki."

Jumatano nilikaa ofisini nikaandika barua. Mama mkwe alikuwa amehitimu elimu ya watu wazima kijijini kwao mwaka uliotangulia; cheti alikitia kwenye fremu pamoja na picha ya Bikira Maria. Anajua kusoma, niliwaza. Atasoma peke yake, macho yangu hayatakutana na yake, heshima itabaki mahali pake. Niliona ni mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika katika meza ile. Niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu. Ya nne ilikuwa na mistari minane kwa herufi kubwa.

Nilimkuta uani na jirani yetu, mke wa karani wa posta, na mwanamke mwingine, wanachagua mbegu za maharage kwenye ungo. Nilipiga goti, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Alifurahi. Nadhani hakuwahi kuandikiwa barua. Aliufuta mkono kwenye khanga, akaifungua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Mimi nilisoma shule tangu utotoni na kwa hiyo nilikuwa nimesahau jambo ambalo mwalimu yeyote wa elimu ya watu wazima angeniambia. Wale mama walifundishwa kusoma kwa pamoja, kwa sauti, wakifuatisha kidole. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba mtu anaweza kusoma kimya.

"Ma-ma," alisoma kwa sauti ya darasani. "Mama m-pe-ndwa. Shi-ka-moo." Akawatazama wenzake, akatabasamu. "Na-a-ndi-ka kwa he-shi-ma. Mdo-mo wa-ngu u-me-shi-ndwa."

Nilisema, "Mama, labda uingie ndani."

"Tulia, mkwe, usinipoteze." Kidole kikasogea. "Mwa-na-o. Mwanao ha-na mi-mba."

Wale wanawake wawili waliacha mikono ndani ya maharage.

Hakusimama. Nafikiri alikuwa amejitwisha kazi ya silabi na maana ilikuwa inamfuata nyuma, hatua mbili tatu. "Ni u-go-njwa u-li-o-ru-di. U-na-i-twa ka-n-sa. U-ko ka-ti-ka nyu-mba ya m-to-to. A-si-po-kwe-nda ke-sho, u-ta-pa-nda ma-pa-fu-ni, na tu-ta-m-zi-ka."

Kidole kilibaki chini ya neno la mwisho. Dirisha la chumba chetu lilikuwa wazi, nami nilijua mke wangu yuko nyuma ya pazia.

Mama mkwe akarudi juu ya karatasi kwa macho, midomo ikitikisika bila sauti. Kisha akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mkwe, nimesoma vibaya," alisema. "Macho yangu. Nisomee wewe."

Nilichukua barua. Sikuhitaji kuitazama, niliijua kwa moyo, lakini niliitazama. Nikasoma yote kuanzia shikamoo mpaka neno la mwisho, kwa sauti, mbele ya majirani, nyumba ya mtoto na yote, kwa mama aliyemzaa mke wangu. Nilisoma haraka sana. Aliniambia nirudie sehemu ya kansa. Nikarudia.

Jirani yetu akaanza kunung'unika, pole, pole jamani. Mama akamkatiza kwa kuinua kiganja. Aliuchukua ungo, akaendelea kuchagua. Mbovu huku, nzima kule. Akachagua mpaka ungo ukaisha, na hakuna aliyethubutu kuondoka. Kisha akasimama, akaingia chumbani kwetu, chumba ambacho mama mkwe haingii, akafunga mlango. Nilisikia Kifipa cha taratibu, sauti yake tu, muda mrefu. Sikukijua Kifipa kiasi hicho. Baadaye nilisikia mke wangu akilia kama sijawahi kumsikia, si wodini, si wakati wa sindano. Nilisimama uani nimeshika bahasha tupu.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi. Lori lilikuwa limepakia mahindi, na abiria walikuwa wanapanda juu ya magunia. Dereva alimwona mke wangu akija polepole baina yangu na mama yake, akawashusha vijana wawili waliokuwa mbele. Habari za mji mdogo zilikuwa zimemfikia na yeye, zile za mwanzo.

"Mpisheni mjamzito," alisema. "Mama, lete mwanao hapa mbele, nitaendesha kama nimebeba mayai."

Mke wangu akasimama. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi mbili tayari na nilikuwa bado naamua ipi haitamuumiza.

"Hana mimba," mama alisema, kwa sauti ileile ya darasani, neno kwa neno. "Anaumwa. Ana kansa. Endesha upesi, usiendeshe polepole."

Dereva akavua kofia. Mama akamsukuma binti yake kwa nyuma kwa mikono miwili mpaka akaketi, akamfunika magoti kwa shuka, kisha akaniambia nipande juu, gari la watu linachelewa.